Mapigo ya Mama Shamimu

Mashine ya salfa ilipowashwa kwenye mikorosho ya jirani, Shamimu alikuwa anakunywa uji. Kikombe kilianguka, uji ukatapakaa mkekani, na kabla mtu hajasema lolote mtoto alikuwa keshaingia uvunguni. Alilala kifudifudi, ameziba masikio, amejikojolea. Mtoto wa miaka tisa huyo, darasa la tatu, anayemsomea baba yake gazeti.

"Haya, kaanza tena," alisema Bi Mwanahawa, mama yake baba, akaendelea kumenya muhogo.

Zuhura, mama wa mtoto, aliinama. Aliokota kikombe akapangusa mkeka, uso mkavu kabisa. Pale kijijini Mtawanya walimsifu kwa uso huo. Akifiwa, uso uleule; akiwa kwenye uchungu wa kuzaa, uleule. Wakwe zake walijigamba kwamba wameoa mwanamke shupavu, na Zuhura aliwaacha wajigambe.

Ilikuwa Julai mwaka 2003, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na ukiishi karibu na mikorosho huna pa kuikwepa mashine hiyo. Mwanamume huibeba mgongoni, inanguruma tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, na unga wa njano unapaa juu ya miti. Watoto wengine huikimbilia waitazame. Shamimu aliikimbia tangu hajajua kutembea sawasawa, na mwaka huu mambo yalizidi. Wiki tatu hakuonekana shuleni, maana njia inapita katikati ya mashamba. Mwalimu alishasema asiporudi Jumatatu atarudia darasa.

Upande wa Zuhura walikuwa na maelezo yao, na tusiwaonee, yalikuwa na mantiki. Shamimu alirithi jina la mdogo wake Zuhura, aliyekufa Kitaya, kando ya Ruvuma, akiwa na miaka mitano. Bomu lilimuua miaka ile ya vita ya ng'ambo, Msumbiji, ndege za Wareno zilipovuka mto. Sasa, katika ukoo ule, mtoto aliyepewa jina la mtu aliyekufa vibaya hasimuliwi kifo kile hata siku moja, asije akakifuata. Zuhura alipitiliza: hata mumewe Amiri alimdanganya kwamba mdogo wake alikufa kwa homa. Basi mtoto asiyeambiwa chochote anaikimbia ngurumo vilevile walivyoikimbia watu wa Kitaya, kwa kujificha chini gizani. Nani kamwambia? Hakuna. Mjomba Saidi, mkubwa wa ukoo, akahitimisha kwamba marehemu ndiye anayemwambia.

Kwa hiyo Jumamosi mjomba angekuja kutoka Kitaya na unga wa mtama wa tambiko kumvua mtoto jina. Angepewa jingine, na lile la kwanza lisingetajwa tena katika ukoo, si kwa dua wala kwa mazungumzo. Zuhura alikubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa anakatwa vipande, kwa sababu mdogo wake hakuacha picha wala kaburi la kueleweka. Aliacha jina tu.

Amiri, ambaye mambo ya unga hayapendi, alisema kwanza hospitali. Alhamisi wakaenda mjini, kwenye zahanati moja, wakaonana na Daktari Yustina, mama mnene mcheshi aliyehamishiwa Mtwara kutoka Songea. Alimkalisha Shamimu kwenye kiti, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, akamtania kuhusu meno yake ya mbele yaliyopishana. Mtoto akaanza kucheka.

Umeme ukakatika. Nje ya dirisha mtu akawasha jenereta.

Shamimu aliteleza kwenye kiti kama nguo, akapotelea chini ya meza, masikio ameyaziba. Yustina alinyoosha mkono akamshika Zuhura, kumtuliza tu, vile anavyomtuliza mzazi yeyote. "Usihofu, mama, tutam..." Hakumalizia. Vidole vyake vilibaki palepale kwenye kifundo cha Zuhura. Akaitazama saa yake, akautazama uso wa Zuhura, akairudia saa.

"Mapigo mia na arobaini na nne," alisema polepole. "Mama Shamimu, umeketi hapa kama mtu anayesubiri chai. Moyo wako unakimbia kuliko wa mwanao."

Amiri aliguna. Zuhura alitaka kuuvuta mkono wake, Yustina akaukatalia.

"Nawe unauogopa mngurumo huu. Ulipatwa na nini ulipokuwa mdogo?"

Miaka thelathini na zaidi hakuna aliyemuuliza swali hilo. Zuhura alifungua mdomo aseme "hakuna", na badala yake ikatoka Kitaya yote. Alisema alikuwa na miaka minane. Alisema ndege mbili, handaki nyuma ya nyumba, mdogo wake mkononi. "Nilimwachia," alisema. "Alikuwa mzito. Nikaingia peke yangu." Alisema hayo na uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Amiri kuliko maneno yenyewe.

"Homa," Amiri alisema. "Uliniambia homa."

"Nilikuambia hivyo."

"Na mimba ya huyu? Mwaka ule ndipo niliponunua mashine yangu ya salfa! Nilikuwa naijaribu hapo hapo uani, na wewe unaanika nguo!"

"Nilikuwa naanika nguo," alikubali Zuhura.

Kisha Yustina akaeleza, na alikuwa mwangalifu. Mtu akipata hofu kubwa utotoni, alisema, mwili unaweza kubaki macho kwa miaka mingi hata kama yeye anadhani amesahau. Kuna wataalamu wanaochunguza iwapo mama wa namna hiyo akishika mimba, kemikali za hofu yake humfikia mtoto tumboni zikamzoesha kushtuka. Wapo wanaojiuliza kama hata chembe za urithi hufanya kazi tofauti. "Bado wanabishana, siwezi kukuapia. Lakini habari za Kitaya hazikupita kwenye damu, mama. Kinachoweza kupita ni kushtuka. Mtoto aliyeshtuka ataingia popote penye giza. Tena umemlaza kifuani miaka miwili. Wewe ulikuwa unamwonyesha uso, yeye anausikia moyo."

Zuhura alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. Kunyamaza kwake kote, uongo wote kwa mumewe, uso ule aliousaga mwenyewe mpaka ukawa laini, vyote vilikuwa vya kumkinga mtoto huyu. Na kumbe alikuwa anampa hofu ileile kila usiku, kila akimnyonyesha, kila Julai. Alitazama chini ya meza, akaona mikono bado imeziba masikio na nyayo mbili ndogo zimekunjana.

Yustina hakuwapa dawa. Alisema warudi kila wiki, mama na mtoto pamoja, na kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kusema.

Jumamosi mjomba Saidi alifika, fimbo mkononi, unga wa mtama kwenye kibakuli. Bi Mwanahawa alitandika mkeka mpya. Shamimu alikalishwa katikati, amefunikwa kanga mabegani, anaangalia huku na huku asijue anafanyiwa nini. Mjomba alichota unga.

"Mjomba, naomba usimvue," alisema Zuhura.

"Ntoto anateseka, Zuhura. Mwenye jina anamsumbua."

"Mwenye jina hana kosa. Ni mimi."

Na akavunja mwiko, mbele ya mkwewe, mbele ya unga, mbele ya mtoto mwenyewe. Alitaja ndege, akataja handaki, akataja mkono alioachia. Mjomba Saidi alipiga fimbo chini mara mbili kumnyamazisha, akashindwa. Kibakuli kilimponyoka, unga ukamwagika kwenye kanzu yake, na hakuna aliyeinuka kumpangusa. Bi Mwanahawa alishika mdomo. Shamimu alimkodolea mama yake macho, maana alikuwa hajawahi kuona machozi yake.

Kwa jirani mashine ikawashwa.

Mtoto aliruka mkekani akaingia ndani, uvunguni. Watu wote wakamgeukia Zuhura, wakingoja uso ule wa siku zote. Hawakuupata. Alikuwa anatetemeka kuanzia kidevu hadi magoti. Aliinuka, akaingia ndani mbio, mwanamke mzima wa karibu miaka arobaini, akapiga magoti na kujiburuta chini ya kitanda, miguu ikabaki nje mbele ya wakwe zake.

"Subhanallah," alisema Bi Mwanahawa mlangoni.

Chini kule kulikuwa na vumbi na joto. Zuhura alimpata mwanawe kwa kupapasa, akamshika mkono, akaukaza mpaka mtoto akalalamika. Walilala hivyo, wote wawili wanatetemeka, ngurumo inapita juu ya bati. Baadaye Shamimu akasogeza mdomo sikioni kwake.

"Mama, na wewe unaogopa?"

"Naogopa sana."

Mtoto alifikiri. "Na mimi nikizaa? Mwanangu naye?"

Zuhura alimsogeza karibu zaidi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini wewe utamwambia, hutamficha."