Kiti cha Mama Kidoti

Jumapili, saa saba na nusu mchana, Mama Kidoti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani yake mkononi, akila huku akiangalia nani anahitaji kuongezewa maji, alipoona kwamba kiti chake kimechipua. Lilikuwa chipukizi moja lenye majani mawili, limetokeza upande wa kushoto wa egemeo. Alimaliza tonge, akaweka sahani, akachukua kitambaa na kuyapangusa vumbi yale majani. Kisha akamwongezea mama mkwe wake maji.

Viti vya pale mezani vilikuwa vitano, vimechongwa na seremala mmoja kutoka mti mmoja, mwaka ule walipooana. Cha mumewe kilikuwa kimebonyea katikati. Cha mama mkwe kilikuwa na alama za viwiko kwenye mikono yake. Cha binti yao wa miaka kumi na saba, ambaye watu walimwita Kidoti kwa ajili ya doa la shavuni, kilikuwa kimelegea mguu mmoja kwa kubembewa. Cha nne kilikuwa cha wageni, na mgeni mwenyewe siku zote alikuwa jirani yao, fundi saa, aliyekuja kila Jumapili kucheza drafti na hajawahi kungoja kukaribishwa. Cha Mama Kidoti kilikuwa bado na nailoni ya seremala kwenye mto wake. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mgeni mwingine akikielekea, nyumba nzima ilisema kwa pamoja, "Hapo hapana, hapo pa mama."

Walimheshimu sana. Heshima hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mwenye kiti alikuwa bado amesimama.

Si kwamba kuna mtu alimkataza. Chakula kilipotengwa, mumewe hakukosa kumwambia njoo ukae, na yeye hakukosa kujibu, "Anzeni tu, nakuja." Wakaanza. Alikuwa na kijiko cha kuleta, sufuria ya kuepua, kikombe cha kusuuza. Alipokuwa tayari kuja, wao walikuwa wameshamaliza na kilichobaki ni vyombo.

Wiki hiyohiyo alikuwa ametoka kliniki. Nesi alimbonyeza muundi uliovimba kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki pale, shimo kabisa, mpaka nesi alipomaliza kuandika kadi. Kadi ilisema: kila siku saa nzima, akae, miguu juu ya kigoda, la sivyo miguu hiyo haitamfikisha mbali. Mama mkwe aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna kingine nyuma.

"Dawa gani hii isiyomezwa wala kupakwa?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Na wewe ulimwambia nini mpaka akaandika hivi?"

Ilipofika Jumatano chipukizi lilikuwa tawi, na lilikuwa limegusa ukuta. Mumewe alirudi kazini akalikuta. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na mtaa mzima ulimwita Mkaguzi. Miaka ishirini na mbili ya kupita kwenye mabehewa ilikuwa imemfundisha kwamba aliyelala hajalala na aliyepoteza tiketi hajawahi kuwa nayo. Alikizunguka kiti mara tatu. Aliinama, akamulika chini yake kwa tochi ya kazini. Hakuona udongo, hakuona maji.

"Nani anakimwagilia?" aliuliza. Hakuna aliyejibu, na hilo nalo alilitia akilini.

Aliitwa seremala aliyevichonga. Alikuwa ameshazeeka, lakini mikono yake ilikijua kiti kabla ya macho. Aligonga mguu mmoja kwa kucha, akanusa egemeo, akatazama ile nailoni.

"Hiki hakijakaliwa," alisema.

"Hakijakaliwa vipi? Ni cha mke wangu."

"Sisemi si chake. Nasema hakijakaliwa. Mbao haijui kwamba imekuwa kiti mpaka mtu aikalie. Hizi nne nyingine zimeshajua. Hii inadhani bado iko msituni."

"Na dawa yake?"

"Mwenyewe akikalie. Saa nzima kila siku. Kitatulia."

Seremala alikunywa chai yake, akaaga. Mkaguzi alibaki amesimama katikati ya sebule, kadi ya kliniki mkononi. Nesi kasema saa nzima, seremala kasema saa nzima. Watu wawili wasiojuana, dawa moja. Kwenye mabehewa, abiria wawili wakitoa maelezo yaleyale, basi wamepanga.

Jioni aliwauliza wote, mmoja mmoja, ni lini mara ya mwisho walimwona mama amekaa. Mama mkwe alisema anamwona kila siku. Alipobanwa aseme wapi, alisema yeye ni mtu mzima na hawezi kuhojiwa na mwanawe. Kidoti alifikiri sana, akasema, "Siku bibi alipolazwa. Hapana, siku ile alikuwa amepiga magoti, anafuta sakafu." Mkaguzi mwenyewe alijaribu kukumbuka siku ya harusi. Aliona keki, aliona ndugu zake, aliona mke wake akipita na sinia.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia barabara. Binadamu lazima akae. Kama hapa hakai, anakaa wapi? Na kwa nani?

Akaomba likizo ya siku mbili, akamfuata.

Mama Kidoti alikuwa mpiga pasi katika nyumba ya dobi iliyofua mashuka ya hoteli. Mkaguzi alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha, akamwona akipiga pasi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Mle ndani kulikuwa na kigoda kimoja tu, na juu yake pamewekwa ndoo ya maji ya kunyunyizia. Alimfuata sokoni, alikosimama kwenye foleni ya nyanya. Alimfuata nyumbani, akaingia dakika mbili baada yake, akamkuta anachochea moto. Siku ya pili ikawa vilevile, ila saa sita, jua lilipokuwa la utosi, Mama Kidoti alitoka, akavuka barabara, akampa mwavuli.

"Jua kali, Baba Kidoti. Utaumwa kichwa."

Akarudi kwenye pasi zake. Mkaguzi alibaki chini ya mwavuli akiwaza. Kumbe anajua anafuatwa. Mtu anayejua anafuatwa hawezi kukaa ovyo. Kwa hiyo ushahidi wote wa siku mbili haukuwa na maana, na shaka yake ikawa kubwa kuliko alipoanza.

Huku nyumbani mti ulikuwa umefika kwenye paa, umejipinda, umetanda juu ya meza. Sebule ile ilikuwa na bati tupu bila dari, na dirisha la upande wa magharibi, na kila alasiri iliwaka kama tanuri. Sasa ilikuwa na kivuli. Mama mkwe, ambaye presha yake ilimsumbua tangu alipofiwa, alianza kulala mchana na kuamka anaimba. Kidoti alisogeza vitabu vyake chini ya matawi, akasema kwa mara ya kwanza hesabu zinaingia. Fundi saa aliacha kungoja Jumapili, akawa anakuja kila siku na ubao wake wa drafti. Mkaguzi alivua viatu sebuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipoliwa kete sita mfululizo alicheka tu. Wote walikuwa wamenawiri. Mama Kidoti alifagia majani asubuhi, mchana na jioni.

Lakini Mkaguzi si mtu wa kuacha jambo nusu. Jumapili alitangaza kwamba maneno ya seremala yatajaribiwa, wote wakiona.

Kidoti alitoa nailoni. Mama Kidoti alijifuta mikono kwenye kanga, akapita chini ya tawi, akakaa. Waliweka kigoda, akainua miguu. Mwanzoni hakujua mikono aiweke wapi. Aliishika, akaiachia, akaishika tena. Kisha mgongo wake ukakuta egemeo. Ilikuwa raha. Hakutegemea kwamba ingekuwa raha kiasi kile, na alitaka kulia, lakini watu wanne walikuwa wanamtazama.

"Unawaza nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Siwazi kitu."

"Haiwezekani. Mtu hakai tu."

"Nimekaa tu, Baba Kidoti."

Walitazamana. Mama mkwe alisema tangu azaliwe hajamwona mwanamke mwenye afya yake amekaa mchana kweupe hana hata maharage ya kuchambua, na kwamba yeye hasemi neno, anasema tu. Fundi saa alitazama saa yake. Zilikuwa zimepita dakika kumi.

Baada ya dakika kumi na tano majani yalianza kujikunja. Yalirudi ndani ya vijiti, vijiti vikarudi ndani ya matawi, na matawi yakaanza kurudi kwenye egemeo taratibu, bila kelele. Mstari wa jua ulishuka kutoka dirishani ukampata Mkaguzi shingoni. Alisogeza kiti. Ukamfuata. Mama mkwe aliacha kujipepea, akaanza upya kwa nguvu zaidi.

"Joto limerudi," alisema.

"Bado dakika arobaini," alisema fundi saa, ambaye kete zake zilikuwa zimeanza kuchomwa na jua.

Mkaguzi alisafisha koo. "Mama Kidoti, hebu nyanyuka kidogo."

"Nesi alisema saa nzima."

Katika miaka kumi na tisa hilo lilikuwa ombi la kwanza ambalo halikumalizika yeye akiwa ameshafika katikati ya chumba.

"Hakuna anayekunyima," Mkaguzi alisema kwa upole wa kweli. "Kiti ni chako. Hakuna mtu atakikalia, mimi mwenyewe nitahakikisha. Tunasema kidogo tu."

Mama Kidoti hakunyanyuka. Alitazama miguu yake juu ya kigoda, akaona ugoko umeanza kuonekana tena, mfupa wake mwenyewe, ambao hakuwa ameuona kwa muda mrefu. Alifurahi kuuona.

"Mama," alisema Kidoti, akishika kitabu chake. Jasho lilikuwa limedondoka kwenye ukurasa. "Mtihani ni keshokutwa."

Basi akanyanyuka. Kabla hajafika jikoni kivuli kilikuwa kimerudi mahali pake, kizito zaidi. Kidoti aliirudisha nailoni ili mto usichafuke.

Tangu siku hiyo Mkaguzi aliwaonyesha watu mti kwa fahari. "Huu ni wa mke wangu," aliwaambia, na mgeni akikaribia kiti alizuiwa kwa sauti moja kama zamani. Shaka yake hakuiacha. Usiku mmoja mmoja alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, anakokaa ni wapi hasa. Mkewe alimjibu hakai popote. Mkaguzi alisema sawa, na hakuamini.

Mwezi uliofuata nesi alimbonyeza tena, na kidole kikazama zaidi.

"Nyumbani unakaa?"

"Kiti ninacho," alisema Mama Kidoti. "Kina kivuli kizuri sana."

Nesi alitia alama ya vema kwenye kadi, akaita mwingine.

Ilikuwa Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, jua bado liko dirishani. Mama Kidoti alikuwa pale pale kwenye mlango wa jikoni, akataka kwenda kuchukua maji, na mguu wa kushoto ukagoma. Alitazama chini. Kisiginoni ulikuwa umetoka mzizi mwembamba, mweupe, umeingia kwenye ufa wa sakafu karibu na kizingiti. Hakushtuka. Aligundua tu kwamba maumivu yamekwisha, na hilo lilikuwa jambo zuri, kwa hiyo akasimama akalifaidi kidogo. Mguu wa kulia ulifuata Jumamosi.

Mkaguzi alipiga magoti, akamulika kwa tochi, akavuta mzizi mmoja, akavuta wa pili. Yote ilishika. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu kiti kichipue.

"Angalau sasa najua uko wapi," alisema.

Hakuna aliyefanya fujo. Mama mkwe alipendekeza jiko lisogezwe, likasogezwa, mpaka mwiko ukawa unafika bila mtu kuhangaika. Beseni la vyombo liliwekwa kulia kwake, mtungi wa maji kushoto. Nyumba ya dobi ilipopata taarifa ilituma salamu za pole na meza ya pasi, na kuanzia Jumatatu ikawa inamletea mashuka palepale. Kidoti alifaulu mtihani. Kufagia kulikuwa na tabu kidogo, kwa sababu mti ulidondosha majani mbali na mlango, lakini fundi saa alikuwa mjuzi wa mambo madogomadogo, akaunganisha ufagio na mpini mrefu.

Jumapili chakula kilitengwa saa saba na nusu. Wanne walikaa chini ya kivuli, viti vyao vikalia chini yao kama kawaida, na cha tano kikabaki kimefunikwa nailoni, kisafi, hakina hata vumbi. Mkaguzi alinawa mikono. Kabla ya kumega tonge la kwanza aliinua kichwa, kwa sababu hakuna siku aliyoanza kula bila kumwita.

"Mama Kidoti, njoo ukae."

"Anzeni tu," alisema. "Nakuja."

Wakaanza.