Mwaridi wa Bondeni

Tope lilimfika Mama Pacha magotini. Tangu asubuhi yeye na vibarua wenzake walikuwa waking'oa mimea. Amri ya mradi ilikuwa kila mmea usio wa mto uondoke bondeni, ili mto upate pa kutandaza maji yake, ndege warudi, na watu wa mjini wapate pa kupunga upepo. Vibarua walikuwa wale wale waliobomolewa nyumba zao hapo hapo. Nani mwingine angekubali kazi ile?

"Hapa palikuwa jikoni kwangu," wifi yake alisema, akipiga jembe. "Leo nalipwa kupachimba. Dunia ina vituko, wifi!"

Mama Pacha hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mwaridi uliosimama mbele yao, pale palipokuwa uani kwake. Chini yake alilala mmoja wa pacha wake. Homa ilimchukua kabla hajaota meno, na watu wakaendelea kumwita mama yake Mama Pacha kana kwamba wote wawili wangali wanacheza uani.

Makaburi yalipohamishwa, alimwendea nyapara kuomba kaburi la mwanawe nalo lihamishwe.

"Lina saruji?" nyapara aliuliza bila kuinua macho.

"Halina, baba. Lina mwaridi."

"Basi hilo ni ua, mama. Sisi tunahamisha makaburi."

Sasa zamu ya ua ilikuwa imefika. Mama Pacha hakusoma sana, lakini watu wa mradi alikuwa amewasoma vya kutosha. Walichotaka kukiondoa walikitia alama nyekundu. Nyumba yake ilipakwa nyekundu, ikaenda chini mchana kweupe. Mkuyu wa pale kivukoni ulifungwa utepe mweupe, na hadi leo haujaguswa hata tawi.

Aliokota kipande cha utepe mweupe kilichodondoka matopeni, akakifuta kwa khanga, akaufunga mwaridi. Miiba ilimchoma. Hakujali.

"Wifi, wakikuona je?"

"Waache wanione."

Kesho yake alipelekwa ng'ambo ya mto kupanda matete. Alifanya kazi akiimba kwa sauti ya chini, wimbo aliokuwa akiwabembelezea wale wawili. Moyo wake ulikuwa umetua. Tangu nyumba ivunjwe hakuwahi kujisikia hivyo.

Jioni alivuka kurudi. Mwaridi haukuwepo. Mahali pake palikuwa na sakafu mpya ya saruji, laini, inayong'aa kwa maji, na nyapara alikuwa akiisawazisha ukingoni kwa ubao.

"Ua liko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Limetupwa na takataka nyingine. Kwani vipi?"

"Lilikuwa na utepe mweupe!"

"Ndiyo maana. Mweupe ni mahali pa viti. Mkuyu tuliuacha uwape wageni kivuli, na hapa watakaa watazame mto." Nyapara alitabasamu kidogo. "Pazuri, eti?"

Wifi alimshika mkono. Mama Pacha aliutoa. Alikuwa ameufunga utepe ule kwa vidole vyake mwenyewe, mafundo mawili, usije ukafunguka.

"Baba," alisema, "sasa lina saruji. Nihamishieni mwanangu."

Nyapara alimtazama kama mtu asiyekumbuka. Kisha akaona miguu yake yenye matope, imeshafika ukingoni mwa sakafu.

"We mama, rudi nyuma! Bado mbichi hiyo. Utaacha alama."

Mama Pacha akarudisha mguu.