Filamu Aliyoiponda Angetile

Angetile alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachowaka kwenye kioo. Gemu za mpira zimewalemaza vijana. Tamthilia za Kikorea zina machozi mengi kuliko maana. Aliyasema hayo mbele ya simu, dukani kwake Kyela mjini alikouza makava ya simu na chaja, halafu akayarusha mtandaoni, na watu wakacheka.

Mwezi wa kumi na moja vijana wa Mwaya wakatoa filamu yao. Waliipiga kijijini kwa simu mbili, na aliyecheza bibi mchawi alikuwa bibi kweli, Bibi Kisa, mkulima wa mpunga ambaye hajawahi kuigiza hata Krismasi kanisani. Angetile hakumwonea huruma. "Huyu bibi anakufa kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda," akasema, na video hiyo ikatazamwa kuliko zote alizowahi kurusha.

Siku ya nne akaanza kusikia baridi.

Kyela, jamani! Saa saba mchana, joto ambalo hata kuku wanahema midomo wazi, na Angetile amekaa dukani na sweta, meno yanagongana. Zahanati wakampima malaria, hana. Taifodi, hana. Nesi akamshika mkono, akauachia upesi na kujifuta kwenye gauni.

Tena kulikuwa na mnong'ono. Hakushika neno hata moja, ila kila uliposikika alihisi kisogoni kama mtu anampulizia. Akigeuka, anakuta ukuta na makava. Aliogopa mpaka akaacha kufunga mlango wa chooni.

Baba yake mkubwa, mzee Lazaro, alimsikiliza akauliza swali moja tu: "Umewakosea akina nani?" Wanyakyusa wa zamani wanalijua jambo hili. Watu wengi wakimnung'unikia mtu kwa haki, pumzi zao humfuata na kuupoza mwili wake. Asiye na kosa hazimpati. Dawa ni kila aliyenung'unika aje, aseme dukuduku lake waziwazi, apulize maji chini, yaishe.

Wakaenda Mwaya. Uani kwa Bibi Kisa walikusanyika watu kama arobaini, na hawakubakiza neno. Gwamaka, aliyeipiga ile filamu, alisema mpaka akalia. Bibi Kisa akawa wa mwisho.

"Kuchekwa hakukuniudhi, mwanangu. Hata mimi nilijicheka. Niambie tu, mwisho wake uliuonaje?"

Angetile akainama. "Sikuitazama, bibi. Niliona kipande kimoja tu."

Bibi Kisa akapiga funda la maji, akayapuliza miguuni pa Angetile. "Mimi nimemaliza." Wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila mmoja Angetile akamwambia, "Ndaga fijo," asante sana, huku vidole vyake vikirudiwa na joto. Akavua sweta. Alifurahi, akalia mbele za watu bila haya.

Ndipo akausikia tena ule mnong'ono. Sauti arobaini zilikuwa zimetoka, na zilizobaki sasa zilisikika vizuri zaidi. Hazikuwa za Kinyakyusa. Baridi ikampanda kuanzia magotini.

"Bado kuna watu," alisema mzee Lazaro, akiwahesabu waliokuwepo. "Nani hajaja?"

Angetile akatoa simu. Chini ya video yake walikuwa wameandika watu elfu kumi na tisa, wakimtetea bibi: wa Tanga, wa Mombasa, wa Muscat, wengine hawana hata majina, ni picha za maua na simba. Namba ilipanda wakiiangalia.

"Si uifute?" akasema Gwamaka.

"Niliifuta Jumanne. Hii wameirudisha wao."

Bibi Kisa akamfunika kwa kitenge chake, akamwambia kwa upole, "Waandikie kwamba mwenye kuchekwa amesamehe. Wamalize na wao."

Angetile akaandika, herufi moja moja, vidole vimekufa ganzi. Alipotuma, watu wote uani wakamsogelea kuangalia. Jibu halikukawia, na chini yake majibu mengine yakaanza kushuka mfululizo, yote yakiwa na maneno yale yale.

"Bibi amemaliza. Sisi bado."