Kituo Ambacho Mfumo Mpya Haukukijua

Velika aliuza tiketi katika kituo cha reli cha mji mdogo kaskazini mwa Bulgaria. Mwezi huo alikuwa na kompyuta mbili mezani, bega kwa bega. Ya kushoto ilikuwa na mfumo endeshi wa zamani. Ukiiwasha ilinguruma, ikakohoa, na kahawa ilichemka kabla haijafunguka. Ya kulia ilikuwa na mfumo mpya, nayo ilifunguka kabla hujakaa. Makao makuu ya reli yalitaka azitumie zote, kisha aseme ipi ibaki.

Tofauti alizijua mapema. Mfumo wa zamani uliuliza "Una hakika?" kwa kila jambo, hata ukitaka kuuzima. Mpya haukuuliza, ulifanya, kisha ukashukuru. Wa zamani ulikuwa na rangi ya kabati la jikoni, mpya ulikuwa na rangi za peremende. Tena, siku alizotumia mashine ya zamani, treni ilisimama katika kijiji cha Gorno Vrane. Siku za mashine mpya ilipita moja kwa moja, kwa kuwa siku hizo mahali pale palikuwa shamba la mahindi.

Hakuna aliyeshangaa. Walioandaa mfumo mpya walikuwa wameacha vituo vyenye abiria wachache, na kijiji kisichokuwamo kwenye mfumo hakiwezi kukaa kando ya reli.

Mama yake Velika, Bibi Dafina, aliishi Gorno Vrane. Kwa hiyo kila Jumamosi Velika aliwasha mashine ya zamani, akafunga dirisha la tiketi adhuhuri, akampelekea mkate, jibini na vidonge vya presha.

"Siku nyingine mnatuweka wapi?" mama aliuliza.

"Kwenye mahindi, mama."

"Ndiyo maana kuku wananenepa."

Mwisho wa mwezi akaja fundi, Zhivko, mzaliwa wa mji huohuo aliyeishi Vienna miaka mingi. Mkuu wa kituo, mzee Dobri, alitazama viatu vyake vilivyong'aa.

"Kwa viatu hivyo, umekuja kutengeneza mashine au kuoa?"

"Nikipata mchumba, vyote viwili, mzee." Zhivko akaketi. "Haya, shangazi Velika. Ipi bora?"

"Mpya ina kasi. Lakini haina Gorno Vrane."

"Programu yenye vituo vya zamani haikubali mfumo mpya. Hilo la makao makuu, si langu."

"Basi acha ya zamani ilipo."

Simu ikaita. Velika akaipokea, abiria mmoja alikuwa akifoka kuhusu begi lake lililopotea. Zhivko, kidole juu ya kitufe, akanong'ona, "Kwa hiyo nifute ya zamani?" Velika, simu sikioni, akainua kichwa na kukishusha, kama afanyavyo kila mtu wa huko anapokataa. Kichwa cha Zhivko kilishakuwa cha Vienna. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Nimekataa!" alisema Velika, akiweka simu chini.

"Umekubali, shangazi. Nimekuona kwa macho yangu."

"Mwehu wewe," alisema mzee Dobri. "Maziwa uliyonyonya ni ya hapa, kichwa umekiazima wapi?"

Zhivko aliona haya. Akayaandikia makao makuu papo hapo. Yakajibu kwamba malalamiko hupokelewa kutoka kwa wakazi wa vituo vilivyomo kwenye mfumo.

Jumamosi Velika alipanda treni. Ilipofika kwenye mahindi haikupunguza mwendo. Alifungua dirisha akatupa mfuko wa mkate na mayai. Haukuanguka chini, ulitoweka hewani. Madirisha mengine nayo yalifunguliwa. Watu walitupa sabuni, magazeti, betri za redio. Kondakta alipita akiwaomba wasiegemee nje.

Jioni mama alipiga simu.

"Mkate umefika. Mayai usitupe tena, yamempiga jirani."

"Pole zake. Na lile jino lako bovu linaendeleaje?"

"Shavu limevimba. Jumamosi nitupie daktari."

Jumatatu Velika alimuuliza daktari wa meno. Daktari alisema ana wagonjwa mpaka Pasaka, na kwamba mgonjwa sharti aje mwenyewe. Velika akanunua vidonge vya maumivu, akavifunga ndani ya soksi ya sufu ili visivunjike, na Jumamosi akapanda treni, akakaa upande wa dirisha.