Simu ya Kwenye Usukani

Mama alikuwa ananusa jaketi la kaka. Alidhani nimezama kwenye vitabu vyangu, lakini mimi hata nikiinamisha kichwa naona. Alilitoa kwenye msumari wa mlangoni, akaweka pua kwenye kola, halafu kwenye mikono, halafu kwenye kola tena. Akalirudisha, akaenda kuosha vyombo. Hakumaliza hata sahani moja, akarudi akalinusa tena na mikono yake inachuruzika povu.

Petroli. Jaketi la kaka linanuka petroli na vumbi, basi. Ningeweza kumwambia. Lakini mimi maneno yakifika kooni yanakaa hapo hapo, ndiyo maana kaka ananiita Redio. Akirudi kazini ananiuliza, "Redio, taarifa ya habari?" Mimi nacheka tu, na yeye anasema, "Ah, leo mawimbi mabaya."

Siku hizi alikuwa haulizi.

Kilichomfanya mama anuse jaketi ni picha. Kaka anapeleka mizigo kwa pikipiki: dawa, viatu, keki za watu, chochote. Akifika anaweka mzigo mlangoni, anaupiga picha pamoja na namba ya nyumba, anatuma ofisini, ndiyo inajulikana kwamba umefika. Sasa picha zikaanza kutoka zimetetemeka. Mwanzo kidogo tu, kama mtu aliyepiga huku anatembea. Baadaye zikawa kama zimepigwa ndani ya maji, keki moja inaonekana tatu, namba haisomeki. Wateja wakaanza kusema mzigo haujafika, na ofisi haina cha kuwaonyesha. Dada wa ofisini akampigia mjomba, maana pikipiki ni ya mjomba na yeye ndiye aliyemdhamini kaka pale. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee, huyu kijana wako mikono inamtetemeka. Hebu mwangalie, asije akawa anapitia chupa kabla ya kazi."

Mjomba akamwambia mama, na mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Baba mikono yake ilikuwa inatetemeka kila asubuhi mpaka anywe. Mimi namkumbuka kidogo sana, lakini nakumbuka kikombe kikigonga meno yake. Alishaondoka zamani, ila mpaka leo mtu akigongesha kikombe humu ndani mama anageuka.

Basi mjomba akasema Jumamosi anakuja kuongea na kaka, na akiona hali si nzuri anaondoka na funguo zake. Bila pikipiki kaka hana kazi, na bila kazi ya kaka sisi hatuna kitu. Jambo kubwa hivyo, lakini hakuna aliyelisema mezani. Mama ananusa. Kaka anaingia, anakula, anatoka, anaingia tena, anakaa kitandani bila kulala. Mimi nafungua daftari, nalifunga. Nikagundua kitu kingine: akiwa anakula, mkono mmoja anauficha chini ya meza. Hicho ndicho kilichoninyima raha. Kama hanywi, anaficha nini?

Nieleze kuhusu simu anayopigia picha hizo. Msimu wa mvua tundu lake la chaji liliingia maji, likaoza. Ukichomeka waya ni kama umechomeka kwenye tope. Kaka akahangaika, mwisho akaja na kishikio cha simu kinachochaji bila waya. Tulikifunga pamoja uani, mimi nimeshika spana. Kinakaa kwenye usukani, kina vidole vinne vya kuikamata simu kwenye kona, waya wake unapita chini ya tangi hadi kwenye betri. Ukiwasha pikipiki, alama ya radi inatokea kwenye kioo, simu inajaa.

"Sasa huo umeme unapita wapi?" mama aliuliza siku ile.

"Hewani, mama."

"Hewani? Na mimi nikipita hapo mbele?"

"Utajaa chaji, utafua mpaka nguo za majirani."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu hapo.

Tatizo ni kwamba simu ikawa haichajiki mahali pengine popote. Siku ya mapumziko kaka alikuwa anawasha pikipiki uani, anaiacha inaunguruma na simu juu yake, mpaka fundi cherehani wa jirani anatoa kichwa dirishani: "Wewe kijana! Hiyo safari inakwenda wapi mbona hufiki?"

Kwa hiyo simu ilikuwa inashinda kwenye usukani, mchana kutwa, kwenye mashimo na matuta.

Jumamosi ikafika. Mama alifagia sebule mara mbili, akasogeza kochi, akalirudisha palepale. Kaka alikuwa anaoga, simu yake iko jikoni mezani. Mwenzangu wa darasani alikuwa anaumwa, aliomba nimtumie mchoro wa moyo tuliochora kwenye baiolojia. Nikachukua simu, nikafungua kamera, nikaielekeza kwenye daftari.

Moyo wangu wa penseli ulikuwa unacheza. Mistari inaruka juu na chini, maandishi yanakimbizana. Nikajua ni mimi. Mjomba akija huwa natetemeka, hata asiponisemesha. Nikaegemeza kiwiko mezani, ukaendelea kucheza. Nikabana pumzi, ukacheza tu. Mwisho nikasimamisha simu, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikatoa mikono yote miwili, nikarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki.

Ukuta wa jikoni ulikuwa unatetemeka kwenye kioo. Nikainama, nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinavuma, kidogo sana, kama nzi kwenye chupa.

Mlango wa mbele ukagongwa. "Hodi wenyewe! Au mmehama?" Mjomba huyo.

Nilitaka kumkimbilia kaka, lakini alikuwa ametoka bafuni na mama ameshamwita sebuleni. Nikachukua simu nikaiweka mfukoni mwa sketi. Sasa nitasemaje? Nikapanga maneno jikoni: mjomba shikamoo, simu ndiyo mbovu. Yalikuwa mazuri. Nikapeleka chai. Mjomba akasema, "Ahsante mama mdogo," nikarudi jikoni na maneno yangu yote.

Nyuma ya pazia nilikuwa nawasikia.

"Mimi sikuja kukupiga," mjomba alisema. Yeye ni seremala, sauti yake kubwa kwa sababu ya kuongea juu ya mashine. "Nimekuja kuuliza. Unakunywa?"

"Sinywi, mjomba."

"Sasa picha?"

Kaka akainamia viatu vyake.

Nikapeleka chai tena. Mjomba alikuwa hajamaliza ya kwanza. Akaniangalia, akaangalia kikombe, akapokea. Nikarudi jikoni.

"Ofisini wanasema wanakupa mpaka Jumatatu. Mimi nimekaa nao, nimekutetea mpaka nimekauka. Niambie kitu cha kuwaambia."

"Sina, mjomba."

"Huna! Mtu mzima na ndevu zako, huna!"

Nikatoka na kikombe cha tatu. Mjomba akaweka mkono juu ya meza. "We mtoto, unataka kunizamisha? Kaa chini au toka, chagua moja."

Mama akasema niende jikoni. Nikafika kwenye pazia, nikasimama hapo, siendi mbele wala nyuma.

"Haya," mjomba akasema. "Nyoosha mikono yako hapa niione."

Kaka hakunyoosha. Aliibana kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Nyoosha, mwanangu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mjomba wako aone tu."

"Siwezi, mama."

Mama aligeukia ukutani. Hakulia, aligeuka tu, na mgongo wake ukawa mwembamba ghafla. Mjomba akakohoa, akanyoosha kiganja. "Basi lete funguo."

Kaka akazitoa mfukoni, akaziweka mezani.

Mimi sijui miguu yangu iliamua lini. Nilijikuta katikati ya sebule, natoa simu, nafungua kamera, naiegemeza kwenye birika la chai, kioo kinawaelekea wao, lenzi inaelekea kochi tupu na kabati. Mjomba aliona simu tu. Akajiweka sawa, akanyoosha kola ya shati.

"Picha ya nini saa hizi? Haya, ngoja nikae vizuri. Upande huu ndio wangu."

"Si picha," nikasema.

Wote wakaniangalia. Nadhani walisahau sauti yangu ikoje.

"Ni nini?"

"Hakuna aliyeishika."

"Nani?"

"Simu. Hakuna mtu aliyeishika. Angalieni kabati."

Wakainama. Kwenye kioo kabati letu la vyombo lilikuwa linatetemeka kama linateremka mlima. Mjomba akageuka akaliangalia kabati lenyewe, limetulia. Akaangalia kioo. Akaangalia kabati tena. Mama akasogea mpaka pua yake ikakaribia simu, safari hii hakuwa ananusa.

"Weka sikio," nikamwambia mjomba. Mimi, Redio, nikamwamuru mjomba aweke sikio.

Akaweka. "Inavuma!" Akanyanyuka. "Aah! Ndivyo ilivyokufa saa yangu. Nilikuwa naitundika kwenye mashine ya randa, kila siku mtikisiko, mtikisiko, siku moja mishale ikalala. Hii nayo si umeifunga kwenye usukani? Humo kwenye kamera kuna vitu vidogo vimening'inia, vimechoka kutikiswa!"

Alikuwa anafurahi kama aliyeokota kitu. Lakini mimi nilikuwa namwangalia kaka. Kaka alikuwa ametoa mikono kwapani, ameiweka juu ya magoti, anaitazama kana kwamba imeletwa sasa hivi na mtu mwingine.

"Kwa hiyo si mimi?" akasema.

"Wewe ulidhani nini?" mama akauliza.

"Nikishinda kwenye pikipiki vidole vinakufa ganzi. Jioni hata kijiko sikisikii vizuri. Halafu naona picha zinatetemeka. Nikajua nimeichukua mikono ya baba. Bila hata kunywa. Nikajua imenifuata tu."

Mjomba akakaa. Akazisukuma funguo mpaka mbele ya kaka, akasema Jumatatu atakwenda ofisini na simu hiyohiyo aiegemeze kwenye birika lao. Kaka hakuzigusa.

"Mama," akasema, "ulikuwa unaninusa."

"Nilikuwa nakunusa," mama akajibu.

Nilisubiri aongeze. Alisimama, akatoka uani, na kaka akabaki anaangalia mlango. Mjomba akanywa chai zake zote tatu, moja baada ya nyingine.

"Na kamera tukibadilisha," kaka akasema, kama anaongea na meza, "itakufa tena. Nisipoiweka kwenye usukani haichaji. Nikiiweka inaharibika."

Tukasikia uani kitu kinakatwa, krr, krr. Tukatoka. Mama alikuwa amechutama kando ya pikipiki na kisu cha jikoni, mguu mmoja una ndala, mwingine uko chini mtupu. Ndala ya pili alikuwa ameigawa vipande.

"Hiki kikae chini ya kishikio," akasema bila kutuangalia. "Kitanywa mtikisiko."

"Kinene, mama. Skrubu haitafika."

"Nitakipunguza."

Akakipunguza. Kaka akalegeza kishikio, akaingiza kipande, akajaribu. "Bado."

"Lete."

Akakata tena. Jirani fundi cherehani akatoa kichwa: "Leo mnachinja nini huko?" Kipande cha tatu kikaingia, skrubu ikashika kwa ncha tu. Kaka akakisukuma kishikio kwa kidole gumba, kikayumba kidogo, akasema labda.

"Vingine nifunge kwenye mishikio, hapo unaposhika," mama akasema. "Lete mkono nipime."

Akamshika mkono ili apime, lakini hakupima. Akaanza kuminya kidole kimoja kimoja, kutoka gumba.

"Hiki unakisikia?"

"Nakisikia."

"Na hiki?"

"Ndiyo."

"Hiki?"

"Kidogo."

Cha mwisho kaka alichelewa kujibu, na mama akakiminya tena.