Kengele ya Bingo

Kwenye klabu ya wafanyakazi ya Barnsley, mji wa Uingereza, bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba, haimsubiri mtu, hata awe mfalme. Zamani Noreen, katibu wa klabu, aliikatiza bendi ya Moorhens katikati ya wimbo kwa kengele yake ya kuanzisha bingo, na vijana hao wa mtaani wakashusha magitaa bila kununa.

Miaka ikapita. Vijana wale wale wakajaza viwanja London na ng'ambo, nyimbo zao zikawa hazikauki redioni. Jumamosi moja wakarudi kutumbuiza klabuni, watu wakafurika hadi mlangoni. Saa ya bingo ilipofika, Noreen aliishika kengele, lakini mkono ukagoma. Nani amkatize mtu mkubwa namna hii? Akairudisha mezani taratibu.

Kit, mwimbaji, akanyamaza katikati ya ubeti. Ngoma nazo zikanyamaza.

"Mama Noreen, umelala? Saa ya bingo inapita!"

"Endeleeni tu, mwanangu. Nyinyi sasa ni mastaa."

"Mastaa kwa nani? Tumekukosea nini mpaka utufanye wageni?"

Noreen akajifuta macho, akaitikisa kengele kwa nguvu zake zote.

"Basi shusheni hayo magitaa! Makelele yenu yamezidi!"