Uke Wenza wa Mwili Mmoja

Samaki alikuwa amekwisha kuchambuliwa miiba kabla Seorae hajatambua kwamba ameshika vijiti vya kulia. Mnofu mweupe ulilala juu ya wali wa Taegyeom, mpenzi wake, umepangwa kama nguo za sikukuu, na miiba yote ilikuwa ukingoni mwa sahani, imeelekezwa upande mmoja. Seorae aliviangalia vidole vyake kama mtu aliyemkuta mgeni ameketi sebuleni kwake bila hodi.

"Hiyo ndiyo iliyonimaliza mimi," Taegyeom akasema.

"Ipi?"

"Hiyo ya samaki. Siku ile ya kwanza, mezani hapahapa. Mimi naongea, naongea, najisifu kama jogoo, kumbe mwenzangu unanichambulia kibua kimyakimya, hata kuniangalia huniangalii. Nikajiambia, Taegyeom, huyu ukimwacha basi wewe ni mjinga wa kuzaliwa." Akaweka kijiko chini. "Seorae, tuoane."

Mwenye mkahawa, aliyekuwa akijifanya anapanguza meza ya jirani, aliacha kupanguza. Nje, bandari ya Tongyeong ilikuwa ikimeremeta kwa jua la adhuhuri. Mwanamke mwingine angelia kwa furaha. Seorae alihisi wivu ukimpanda kooni kama kiungulia, kwa sababu ile siku ya kwanza aliikumbuka vizuri, mvua yake, mzaha wa Taegyeom kuhusu mwanafunzi wake wa udereva aliyegonga duka la mawaridi, ila samaki hakumkumbuka hata kidogo. Samaki hakuchambuliwa na yeye.

"Nipe siku kidogo," alisema.

"Chukua. Ila usizimalize zote."

Ndani ya Seorae waliishi watu kadhaa. Daktari mmoja wa Busan alimweleza jambo hilo miaka ya nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa: halikuwa pepo, halikuwa wazimu; mtoto akiumizwa kupita kiasi hujigawa ili abaki hai, na kila kipande hujikulia kivyake. Alikuwemo Mangil, mwanamume wa ulimi mkali, aliyejitokeza watu walipopaza sauti. Alikuwemo Bori, msichana asiyekua, aliyependa vibandiko vya wanyama. Na alikuwemo yule waliyemwita Son, yaani mkono. Son hakusema. Palipokuwa na vyombo vichafu, nguo za kukunja au samaki mezani, ukungu ulishuka kichwani mwa Seorae, kazi ikafanyika, ukungu ukaondoka.

"Yule si mtu," Mangil alizoea kusema. "Ni mazoea tu. Mlango ukisukumwa na upepo unajifunga wenyewe. Utauita mtu?"

Seorae alikubali siku zote. Ni rahisi kumnyima fungu asiyelidai.

Sasa mwanamume aliyempenda alikuwa ameuposa mlango.

Tangu siku ile alianza kuchunguza sifa zinaangukia wapi. Taegyeom alisifu shati lililokunjwa: hilo la Son. Alisifu tufaha lililokatwa vipande vyembamba: la Son pia. Lakini nyimbo alizomwimbia garini, na subira ya kusikiliza visa vile vile vya wanafunzi wasiojua breki iko wapi, havikutajwa. Kila neno tamu lilimpita begani, likaenda kutua kwa mwingine aliyesimama nyuma yake. Dukani alikofanya kazi, alipokuwa akiwapima wateja miwani, aliwaza: je, akinikumbatia ananikumbatia nani?

"Makubwa haya!" Mangil akamcheka kwa ndani. "Umeingia uke wenza hata mahari haijatajwa. Tena mwenzio hagombani, hanuni, hajipodoi. Utamshindaje mke asiyegombana?"

"Nyamaza."

"Mimi ninyamaze, au wivu wako ndio unyamaze?"

Jumapili alimwalika Taegyeom chakula cha mchana nyumbani kwake, akakaanga vibua mwenyewe. Alikuwa ameapa kumzuia Son. Ukungu ulipoanza kushuka, aliung'ata ulimi wake mpaka ukauma, akakaza vijiti, akabaki. Alimchambulia Taegyeom samaki kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akimtazama machoni, akitaka atazamwe. Mnofu ulimeguka vibaya. Haukujali urembo, na yeye pia hakujali. Uliwekwa kwa mapenzi, na mapenzi yangeonekana.

Taegyeom alimeza, akakohoa, akawa mwekundu, kisha akatoa mwiba mrefu mdomoni na kuuinua kwenye mwanga.

"Leo umenitegea!" alisema akicheka.

Seorae alipouona ule mwiba, mikono haikuwa yake tena. Kiti kilianguka. Mwili wake ulijikunja sakafuni chini ya meza, viganja juu ya kisogo, na sauti nyembamba ya kitoto ikamtoka kinywani:

"Hakukusudia, mjomba! Usimpige! Atachambua upya, atachambua vizuri!"

Ilikuwa sauti ya Bori, na aliyeitwa mjomba ni Taegyeom. Taegyeom aliyasikia yote.

Wakati huo, mahali ambapo hapana macho wala masikio, Seorae alikuwa akimsikiliza Bori akimweleza kwa haraka, kama mtoto anayetoa siri iliyomchosha. Mwiba mmoja, kofi moja. Baba wa kambo alilitafuna kila tonge polepole, akiutafuta mwiba. Bori hakuweza, vidole vyake vilikuwa vifupi. Basi akaja Son, akakaa mezani badala yake, kila jioni, ili Bori asikae.

"Mbona hukuniambia, Bori?"

"Hukuniuliza, dada. Mlisema ni mlango."

Seorae aliporudi, alijikuta bado chini ya meza. Taegyeom alikuwa amechuchumaa mbali, karibu na ukuta, viganja vyake wazi juu ya magoti, kama mtu anayembembeleza paka mgeni.

"Nani alikuwa anaongea?" aliuliza taratibu.

Akamwambia. Aliyasema yote pale pale sakafuni, mafuta ya samaki yakiganda sahanini. Alipofika kwa Son alisita, kwani hata wakati ule kulikuwa na sehemu ya moyo wake iliyotaka kuitumia habari ile kama kisu.

"Aliyekuchambulia samaki si mimi," alisema. "Na hakuwa anakupenda. Alikuwa anakuogopa."

Taegyeom aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula woga wa mtu," alisema, "huku nachekelea." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Na yeye... anataka nini?"

Wivu uliinuka tena, mzima, kana kwamba haukusikia chochote. Hata baada ya yote haya, swali la kwanza la Taegyeom lilimhusu Son.

"Mimi huniulizi ninataka nini?"

"Wewe! Wewe nakuuliza kila siku, unaniambia 'chochote tu'. Nimekuuliza na la ndoa, bado nasubiri hapa." Akatabasamu kidogo, macho yake yamelowa. "Yule hakuna aliyewahi kumuuliza, au nimekosea?"

Hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma. Seorae alifumba macho, akaelekea ndani, upande ambao hakuwahi kwenda. Pale palikuwa kimya. "Huna kazi ya kufanya," aliuambia ule ukimya. "Ukitaka kuja, njoo tu, bure." Mangil, asiyekosa la kusema, alikohoa tu.

Jumamosi moja asubuhi Seorae alisimama kwenye karo, vyombo vikiwa majini. Ukungu ukashuka.

Alipozinduka, jua lilikuwa juu na yeye ameketi kwenye ukuta mfupi wa mawe juu ya soko la samaki, viatu kando. Kwa mazoea ya siku zote aliikagua mikono yake kujua imefanya kazi gani. Haikunukia sabuni. Ilikuwa imeshika chapati ya sukari iliyoliwa nusu, shira yake ikimchirizika hadi kifundo cha mkono. Ulimini kulikuwa na mdalasini, ambao yeye Seorae haupendi hata kuunusa. Na kifuani, mahali ambapo Son akipita huacha ubaridi, palikuwa na joto.

"Umerudiwa na sauti?" mama muuza chapati alimwambia, akigeuza nyingine kwenye kikaango. "Nimekusemesha wee, unanionyesha kwa kidole tu. Halafu unavyocheka peke yako! Nikasema huyu binti ameposwa leo."

"Nilikuwa nacheka?"

"Mpaka machozi. Kwani hujui?"

Hakujua. Hakujua alichekea nini, wala shingo yake ilikuwa imeelekea wapi kwa muda mrefu hivyo hata ikamuuma. Jua lile, tonge la kwanza la moto, kicheko: vyote vilikuwa vimetumika, na yeye hakuwekewa hata kidogo. Kijicho kilimkaba barabara. Aliinua ile nusu iliyobaki mpaka karibu na midomo.

Hapo akasita. Shira ilidondoka gotini.

Kisha akafumba macho, akajisogeza kando, kumpisha Son.